Masikio ya Zerihun

Kwa miaka kumi na mmoja, mtu aliyetaka kusema na Zerihun alipitia kwa mkewe. Njia nyingine haikuwapo. Zerihun alikuwa mfua vyuma wa Minalesh Tera, ule upande wa soko la Merkato ambako mapipa machakavu huingia asubuhi na kutoka jioni yakiwa majiko, makarai na masanduku ya maharusi. Nyundo zaidi ya mia hulia pale kwa pamoja tangu kunapokucha. Zerihun aliingia akiwa na miaka kumi na saba na masikio mazima. Alipofika hamsini, sikio la kulia lilikuwa limekufa kabisa, na la kushoto limebakiwa na kitundu kama cha sindano. Kitundu hicho alikijua Yeshimebet peke yake. Alikuwa akiinama, akiuweka mdomo karibu na shavu la mumewe na kupaza sauti kwa namna yake, na maneno yakapenya.

Wateja walipatana bei na Yeshimebet. Kasisi alimuuliza Yeshimebet. Hata binti yao Mahlet alipotaka kumwambia baba yake kwamba kuna kijana anataka kuja kuposa, alimwambia mama, mama akampigia baba kelele sikioni, na jengo zima likajua kabla baba hajaelewa. Kila siku Yeshimebet alilalamika kwamba koo linamuuma. Lakini ole wako ungejaribu kumpokonya kazi hiyo.

Na hakuwa mkalimani mwaminifu. Matusi ya wateja aliyachuja. Sifa alizipunguza kidogo, mume asije akavimba kichwa. Na maneno ya Wubalech hayakufika hata siku moja. Huyu Wubalech alikuwa mjane aliyeuza kahawa chini ya turubai, hatua kumi tu kutoka kwenye fuawe la Zerihun. Mwanamke wa uso mpana, mwenye mwanya, na cheko ambalo hata nyundo hazikuweza kulizima. Kila asubuhi alikuwa akimwita Gashe, kama wanavyoitwa wanaume wa heshima, na kumwambia:

“Gashe Zerihun, mikono hiyo haijachoka tu? Anayepikia jiko lako ana bahati. Anayelalia mkono wako je?”

Zerihun angemgeukia mkewe. “Anasema nini?”

“Anasema sukari imepanda bei.”

“Maskini,” Zerihun angesema, na kumpungia mjane mkono kwa huruma. Nyundo zingelimeza neno hilo, na mkewe angempelekea mjane jibu lingine.

Hospitalini walikwenda mara moja. Daktari alisema mashine ya kusikia ingemfaa, akataja bei, nao wakaaga kwa adabu. Kwa bei ile mtu angenunua ng'ombe wa maziwa na ndama wake. Basi wakazoea.

Ni Mahlet aliyeleta mabadiliko. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu, na jioni moja alirudi na kijikasha cheupe, laini kama kipande cha sabuni. Ndani mlikuwa na vipokea sauti viwili vidogo visivyo na waya, vile ambavyo vijana hutembea navyo masikioni wakisikiliza nyimbo.

“Hii si mashine ya daktari, baba, na haitafanya kila kitu,” alisema, huku mama akirudia kila neno kwenye kitundu cha kushoto. “Simu ndiyo inayosikiliza. Inachukua sauti, inaikuza, inaituma sikioni. Ila bei yake ni bei ya watu kama sisi.”

Alimkalisha baba yake karibu nusu saa, akimpima mlio kwa mlio, mpaka simu ikajua ni sauti zipi zilizompotea. Upande wa kulia haukuitika. Wa kushoto uliitika. Zerihun akapinda kichwa, kisha akageukia jikoni.

“Nini kile?”

“Kipi?”

“Kile kinachosema bwu, bwu, bwu.”

“Ni mchuzi wa shiro, baba. Unatokota.”

“Kumbe shiro ina sauti!” alisema mzee, na machozi yakamtoka.

Yeshimebet naye alilia. Akamwinamia mumewe palepale pa siku zote na kupaza sauti: “UNANISIKIA, MUME WANGU?”

Zerihun aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto, akavichomoa vile vidude vyote viwili. Wakacheka wote watatu. Yeshimebet alicheka pia, ila cheko lake lilikuwa la kwanza kwisha.

Tangu wiki ile, mambo yakageuka. Wakati wa kufua, Zerihun aliviweka vidude vyake kwenye kikasha. Nyundo ikipumzika anavivaa, anapatana na wateja mwenyewe, anataniana na mafundi wenzake. “Kaa nyumbani upumzike, mke wangu,” alisema. “Koo lako limefanya kazi vya kutosha.” Yeshimebet akakaa nyumbani. Alichagua dengu zilizokwisha kuchaguliwa. Alifua shali safi ya netela. Na jioni mumewe aliporudi, masikio yalikuwa matupu.

“Leo watu wamesema nini?” alimpigia kelele.

“Mengi.”

“Vaa basi tuzungumze!”

“Chaji imekwisha.” Au siku nyingine: “Masikio yamechoka.” Kisha, katikati ya kula, alikuwa akicheka peke yake. “Yule Wubalech! Kumbe mcheshi hivi! Miaka yote nilidhani hana jambo ila sukari.” Akamtazama mkewe kidogo. Yeshimebet alikata kipande cha mkate wa injera, akakichovya, akamtia tonge kubwa mdomoni ili asiendelee.

Kitu kikaanza kumla kifuani. Masikio mazima mume wangu anayamalizia kwa yule mjane, alijiambia, mimi naletewa makopo matupu. Nani aliyekuwa akipiga kelele mpaka koo likatoka damu? Nani aliyeacha kuimba kanisani kwa sababu sauti ilikauka? Leo mavuno yameiva, anakula mwenye mwanya.

“Mama,” Mahlet alimwambia, “una wivu na simu?”

“Simu haina mwanya.”

Alhamisi moja alifunga chakula cha mchana na kwenda nacho Minalesh Tera bila kutumwa. Ilikuwa saa ya kupumzika, nyundo zimetulia. Fuawe halikuwa na mtu. Akatazama upande wa turubai, akasimama palepale.

Zerihun na Wubalech walikuwa wameketi bega kwa bega. Simu ilikuwa juu ya kigoda mbele yao. Kidude kimoja kilikuwa sikioni mwa Zerihun. Cha pili kilikuwa sikioni mwa Wubalech. Fundi mmoja kijana alikuwa akisimulia kitu karibu na simu, na wale wawili, vichwa vikikaribia kugusana, walipasuka kwa kicheko wakati mmoja, kama watu wenye mdomo mmoja.

Yeshimebet hakwenda mbele. Chakula alimwachia mlinzi wa lango. Njia nzima ya kurudi aliona kitu kimoja tu: kile kidude cheupe, kilichokuwa kimelala kwenye sikio la mumewe, sasa kimelala kwenye sikio la yule, kikinyonya joto lake.

Jioni, Zerihun alipokuwa akinawa, Yeshimebet alifungua kikasha, akachukua kidude cha kulia, akakifuta kwa ncha ya netela mara tatu kana kwamba kina ukurutu, akakitumbukiza kwenye kopo la buni na kufunika.

Asubuhi nyumba iligeuzwa juu chini. Zerihun alipiga magoti, akaingiza mkono chini ya kitanda, akakung'uta koti. “Jana vilikuwa viwili,” alikuwa akisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepotelewa na mtoto sokoni. Mahlet akatoka chumbani akichana nywele.

“Usihangaike, baba. Tutakifanya kiite chenyewe.” Akachukua simu ya baba yake, akabonyeza, akafungulia wimbo wa harusi kwa sauti ya juu kabisa.

Mwanzo hapakusikika kitu. Kisha, nyembamba kama mbu, ngoma na vigelegele vikaanza kutoka ndani ya kopo la buni.

Mahlet alilitazama kopo. Akamtazama mama yake. Yeshimebet aliitazama sakafu. Katika nyumba ile ni mtu mmoja tu ambaye hakusikia, naye alikuwa amepiga magoti katikati, akiwageukia huku na huku.

“Nini? Mbona mmenyamaza? Yeshi, simu inasemaje?”

Binti hakusaidia. Alikunja mikono, akangoja.

Yeshimebet alitwaa kopo, akakitoa kidude kati ya punje za buni, akakiweka kwenye kiganja cha mumewe. Akainama kwenye kitundu cha zamani. “Nilikificha mimi.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu kimelala kwenye sikio la Wubalech!”

Zerihun aliinuka polepole, magoti yakilia. Alivaa kidude cha kushoto, akaketi kitandani.

“Sikio langu la kulia limekufa, Yeshi. Ukiniwekea kengele humo sisikii. Kidude cha kulia kilikuwa kinakaa bure. Yule mama naye ameanza kuwa kiziwi. Miaka ishirini ameketi kwenye nyundo zetu. Aliomba ajaribu.”

“Na mimi je? Mimi ndiye niliyekuwa masikio yako, leo nikitaka neno moja unaniambia chaji!”

Zerihun alifumba macho kwa uchungu, akaziba sikio kwa kiganja.

“Hiyo ndiyo sababu,” alisema.

“Ipi?”

“Unapiga kelele, mke wangu. Hujui, lakini hujaacha kupiga kelele miaka kumi na mmoja. Nikivaa hivi, sauti yako inanikata kama bati. Sikujua nikuambieje.”

Yeshimebet alitaka kumjibu kwa sauti ya chini, akatafuta sauti hiyo kooni, hakuiona.

Hakumwamini yote. Habari ya kelele aliiamini, kwa sababu uso wa Mahlet uliikubali. Lakini kwamba Wubalech hasikii? Mwanamke yule anayecheka kila neno? Jumamosi, saa ya mapumziko, alikwenda kuhakikisha. Zerihun alikuwa amekwenda kununua misumari. Wubalech alikuwa ameinama, akipepea mkaa, mgongo kwa wapita njia, na mteja mmoja amekaa kwenye kigoda na kikombe chake. Yeshimebet akasimama hatua mbili nyuma yake.

“Wubalech.”

Wubalech hakugeuka, akaendelea kupepea.

“Wubalech, mwizi wa waume za watu,” alisema, na safari hii sauti yake yote ya miaka kumi na mmoja ilikuwa na kazi. “Mwanya wako kama lango la zizi. Ulizika wa kwako, sasa unamnyemelea wa kwangu!”

Mteja alipaliwa na kahawa. Wubalech akapepea, akapepea, akageuka kuchukua birika, na ndipo alipomwona mgeni. Uso mpana ukachanua.

“Ee! Mama Mahlet! Umesimama hapo tangu lini? Keti, keti, kahawa ya pili ndiyo inaiva sasa.”

Mteja aliinamisha kichwa kwenye kikombe chake kama anayetafuta kitu humo. Yeshimebet akaketi.

“Utanisamehe, nitazame ukiwa unasema,” Wubalech alisema akimmiminia. “Wateja wananiambia bila sukari, mimi natia. Wananiambia chai, mimi nawapa kahawa. Nacheka tu wenzangu wakicheka. Nusu yao wamehamia kule pembeni. Gashe Zerihun alikuwa na wewe wa kumwambia kila kitu. Mimi ningeambiwa na nani?”

Huruma ilimjia Yeshimebet, hakuna haja ya kusema uongo. Lakini ilipokuja iliukuta wivu umekwisha kukaa kwenye kiti, nao wivu haukusimama kuipisha. Vile vichwa viwili bado aliviona.

Akatoka hapo moja kwa moja mpaka kibandani kwa binti yake.

“Nataka vingine kama vya baba yako.”

“Vya nani, mama?”

“Vya Wubalech. Na usicheke.”

Alivilipia kwa zamu yake ya upatu, fedha aliyokuwa akiiwekea gauni la harusi ya Mahlet. Hakununua kwa wema. Alinunua ili kidude cha mumewe kisilale tena kwenye sikio lisilo lake, basi. Lakini nani angejua? Mafundi walisimama kumpa heshima. Kasisi alimshika mkono na kumwombea. Wubalech alilia, akambusu mabega mara tatu upande huu na upande ule. Yeshimebet alizipokea sifa zote macho yakiwa chini, na watu wakasema: tazama, na unyenyekevu pia.

Nyumbani alianza kujifunza kusema chini. Zerihun alimwekea simu mezani wakati wa chakula, akavaa kidude chake, akangoja. Siku mbili aliweza. Ya tatu alisahau, mzee akaruka na shiro ikamwagika. Yeshimebet alimwambia pia ukweli wa ile habari ya sukari. Zerihun akauliza, “Na mimi nilikuwa nikimjibu nini?” Akaambiwa, “Ulikuwa ukimwambia, ‘Mke wangu anakusalimu.’” Alicheka, lakini jioni ile alivua kidude mapema kuliko kawaida, na Yeshimebet hakumlaumu.

Sasa kila Alhamisi Yeshimebet huenda Minalesh Tera na kunywa kahawa zote tatu za desturi, mpaka ya mwisho iitwayo ya baraka. Siku moja, Zerihun akiwa ameketi nao, katika kumimina ya pili Wubalech alimwinamia Yeshimebet.

“Yule mteja aliniambia uliyonisema siku ile mgongoni.”

Kikombe cha Yeshimebet kilisimama njiani. “Ukasemaje?”

“Nikasema ana haki. Mume kama yule, hata mimi ningelinda.” Na akaangua lile cheko lake, mwanya wote nje.

Yeshimebet alicheka naye, hakuwa na la kufanya. Kisha akakivuta kigoda chake kidogo, upande wa mumewe.