Maneno ya Mwenye Nyumba

Niliporudi kutoka wiki mbili za mafunzo ya kazi, wifi yangu alinifungulia mlango, akanipokea begi, akasema kwa Kiingereza safi, "Make yourself at home, wifi."

Nikasimama palepale, kiatu kimoja mkononi. Jisikie uko nyumbani? Mimi? Nyumba ile mama alituachia mimi na kaka yangu, na chumba cha nyuma nalala humo tangu nina meno ya utoto.

Angekuwa mtu mwingine ningesema Kiingereza kimempiga chenga. Lakini huyu nilimfundisha mwenyewe. Mimi ni mtu wa mapokezi hotelini, na alipotaka kuomba kazi kwetu tulikaa jikoni jioni baada ya jioni, yeye na daftari lake, mimi na ukali wangu. Nilimwambia kwamba maneno hayo mwenye nyumba humwambia mgeni. Sisi wa mapokezi tunayasema kwa niaba ya mwenye hoteli. Watu wa nyumba moja hawaambiani hivyo hata siku moja. Akapiga mstari chini yake, mara mbili.

Basi machale yakanicheza. Chumbani nikakuta taulo limekunjwa vizuri miguuni mwa kitanda na sabuni mpya juu yake, vilevile tunavyowaandalia wageni hotelini. Mezani kaka akaanza kusifia chai. Namjua kaka yangu. Akisifia chai, ujue kuna jambo.

"Wifi yako amefurahi sana umerudi," alisema, macho ndani ya kikombe.

"Naona," nikamjibu. Nilikuwa na hasira, na hofu pia, nisifiche.

Asubuhi wifi alikwenda dukani. Nikajiweka mlangoni kumsubiri, na aliporudi na mkate nikampisha kwa tabasamu langu la kazini.

"Karibu, wifi. Make yourself at home."

Asiyejua angecheka tu, akapita. Yeye alikunja uso, akanisahihisha kabla hajafikiri.

"Aa, wifi, hayo si anasema mwenye..."

Mkate ameukumbatia kifuani, ananitazama. Nyuma yangu nikasikia kaka anasukuma kiti.

"Nilitaka kukwambia taratibu," akasema. "Hati ya nyumba iko kwa jina la wifi yako."

"Bila mimi kusaini?"

"Ulisaini. Zile karatasi nilizokuletea, nikasema za maji."

Mimi, ninayekagua kitambulisho cha kila mgeni mbele na nyuma, nilisaini bila kusoma kwa sababu aliyenishikia kalamu ni kaka yangu.

"Lini?"

Wifi ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo. "Mwezi wa tatu."

Mwezi wa tatu nilikuwa juu ya ngazi, naipaka rangi sebule ile, na wifi amenishikia ngazi kwa mikono miwili, ananiuliza kama nimechoka.