Tundu la Mpira wa Breki

Tela lilikatika Jumanne asubuhi, kwenye mteremko wa kuingia Mdandu, likiwa limejaa viazi. Chuma kinacholiunganisha na trekta kilipasuka, tela likaligonga trekta kwa nyuma na kulipindua. Dereva, kijana anayeitwa Remmy, alivunjika mguu sehemu mbili. Alilazwa Njombe.

Kufikia mchana mabaki yalikuwa yameletwa Makambako, kwenye karakana ya Anselmi ambako tela lilitengenezwa. Mafundi walikizunguka kile chuma. Mpasuko ulikuwa umepita katikati ya mshono wa kuchomelea, na mshono ule ulikuwa kazi ya mzee Abrahamu wa Kidugala.

"Mzee," Anselmi alisema, "nadhani mkono umechoka."

Abrahamu alikuwa amechomelea vyuma miaka ishirini na mbili. Alikitazama kile chuma. "Inawezekana," alijibu.

Nyuma yao alisimama Hulda, mhandisi pekee wa karakana. Yeye aliona kitu ambacho wenzake hawakukiangalia. Ufa haukuanzia kwenye mshono. Ulianzia kwenye tundu dogo la kupitishia mpira wa breki, karibu na ukingo wa chini, na hapo palikuwa na kutu ya siku nyingi. Chuma kilikuwa kinapasuka taratibu kwa wiki kadhaa. Mshono uliraruka mwishoni tu.

Aliingia ofisini, akafunga mlango, akafungua kwenye kompyuta hesabu za tela lile alizopiga mwezi Machi.

Mchoro wa tela lile ulitoka kwa mteja, umechorwa kwa programu nyingine. Ulipoingizwa kwenye programu ya Hulda, ile ya kupima kama chuma kitabeba mzigo kabla hakijakatwa, ulifika umeharibika: kuta hazikutani, nyuso mbili zimelaliana, vijipande vyembamba kama uzi kila mahali. Kompyuta iligoma kuupigia hesabu. Hulda aliusafisha siku nzima, akiunganisha kingo moja moja, mpaka yakabaki matundu madogo. Programu ikamuuliza kama iyazibe yote yasiyozidi milimita thelathini. Ni jambo la kawaida. Matundu mengi ya boliti hayabadilishi hesabu. Lakini yalikuwa arobaini na moja, na alipaswa kutazama kila moja liko wapi. Ilikuwa Ijumaa. Nyumbani kwao Njombe, mtaa wa Ramadhani, kulikuwa na sendofu ya dada yake, sherehe ya kumuaga bibi harusi, na gari la Njombe lilikuwa linajaza abiria. Akabonyeza ndiyo.

Picha ilitoka ya bluu na kijani tupu, maana yake chuma kinabeba mzigo bila shida. Hata unene wa chuma aliupunguza, kutoka milimita kumi na mbili hadi nane, na Anselmi akamsifu mbele ya mafundi wote.

Sasa alirudisha tundu moja tu, lile la mpira wa breki, akapiga hesabu upya. Ukingo wa tundu ukawa mwekundu: hapo chuma kisingehimili.

Alijiambia atasema kesho. Kesho yake Abrahamu aliondolewa kwenye kuchomelea, akapewa brashi ya kupakia rangi mageti. Hulda alianza kula chakula cha mchana ofisini. Akikutana na mzee uani, alisema "Shikamoo, baba," akapita haraka kabla hajaulizwa habari za nyumbani. Wiki ikaisha, ikaisha na ya pili.

Alhamisi moja mzee alibisha hodi. Alivua kofia, akaweka mezani vipande viwili vya chuma alivyoviunganisha wakati wenzake wanakula.

"Nimekipiga nyundo, nimekikata kwa msumeno nione ndani, sioni kasoro. Wewe umesoma, mwanangu. Niangalizie mkono wangu umeharibikia wapi."

Hulda alikigeuza kile chuma. "Mshono huu ni mzuri, baba."

"Na ule wa tela niliuchoma vivyo hivyo." Mzee alikaa kitini. "Jumapili nilikwenda Mdandu kwa mama yake Remmy. Nilipiga magoti nikaomba msamaha. Akasema Mungu anisamehe, yeye bado."

"Si wewe, baba," Hulda alisema. "Ni mimi."

Akaigeuza kompyuta, akamwonyesha tundu, akamweleza alivyoliziba kwenye mchoro bila kulitazama. Abrahamu alisikiliza hadi mwisho.

"Umejua lini?"

"Siku ile ile."

"Siku ile ile," mzee alirudia. Alivaa kofia yake akatoka, vipande vyake akaviacha mezani.

Hulda alikwenda moja kwa moja kwa Anselmi. Naye hakufurahi. "Mteja ameshakubali kwamba ni mshono. Unafukua nini tena?"

"Kuna matela mengine matatu ya mchoro huo huo, bosi. Yako barabarani sasa hivi."

Anselmi akachukua simu. Matela yote yalisimamishwa kabla ya saa kumi, yakaletwa karakanani. Kwenye mojawapo walikuta ufa unaotoka tunduni, mrefu kama ukucha. Hulda aliupima kwa rula. Wiki mbili alizonyamaza, mtu mwingine alikuwa analivuta tela lile.

Anselmi aliwakusanya mafundi akawaeleza ukweli, na Abrahamu akarudishiwa mashine yake. Hulda alipewa barua ya onyo, akaambiwa michoro yake itakaguliwa na mhandisi wa nje. Hakulalamika. Alimwomba mzee kitu kimoja: amsindikize Mdandu.

"Nitakwenda," Abrahamu alisema, "lakini utazungumza mwenyewe."

Remmy alikuwa ameruhusiwa kutoka hospitali, amekaa kibarazani, mguu umenyooshwa juu ya kigoda. Hulda aliwaeleza yeye na mama yake, Tabea, bila kuficha hata zile wiki mbili. Alipomaliza, Tabea aliinuka, akamshika Abrahamu mikono yote miwili.

"Baba, nilikuacha umepiga magoti kwenye udongo wangu. Unisamehe."

"Yameisha, mama."

Remmy alikuwa anautazama mguu wake. Hulda alifungua mdomo aombe radhi tena, Tabea akamzuia kwa mkono.

"Wewe leo sina neno la kukuambia. Njoo Jumamosi, peke yako, ndipo nitakujibu."

Jumamosi Hulda alipanda gari la Mdandu, peke yake.