Maiti Aliyeita Mbele ya Duka la Musyu Nissim

Jumanne ile Émérence alikuwa akisugua sufuria za maziwa kwa kitambaa cha buluu. Sufuria za nyama zilikuwa na kitambaa chao chekundu, beseni lao na kabati lao, na katika miaka sita aliyopika nyumbani kwa Musyu Nissim hakuwahi kuzichanganya hata mara moja. Unga aliuchekecha mara tatu, maana mdudu mmoja ndani ya mkate ni haramu. Mwanzoni alidhani ni ukali tu wa mzungu. Baadaye akaona kwamba tajiri mwenyewe alibanwa na sheria zile za Kiyahudi kuliko mpishi wake, na tangu hapo akamheshimu.

Nyumba ilikuwa nyuma ya duka la vitambaa, hapo Likasi, kwenye barabara iendayo Kikula. Ilikuwa Agosti ya 1961, vumbi tele na baridi ya asubuhi. Katanga ilikuwa imejitangaza kuwa nchi, ikawa na bendera na stempu zake, na watu ambao baba zao walitoka jimbo jirani la Kasai, sasa wakihesabiwa wageni, walikuwa wakihama bila kuaga, au wakihamishwa.

Saa tatu, maiti aliyelala kulia kwa mlango wa duka alianza kuita.

Watu wawili wenye bunduki walikuwa wamemshusha pale alfajiri kutoka kwenye lori, kisha wakakaa ng'ambo ya barabara juu ya makasha ya bia, wapate kuona nani atakuja kumlilia.

"Ni minye, Barnabé," maiti aliita, akijitaja. "Nani iko hapa wa kwangu?"

Haikuwa sauti ya kutisha. Aliita kama mgeni aliyefika na mzigo wake, asijue nyumba ni ipi. Firmin, fundi aliyeshona kwenye baraza la duka, alisimamisha cherehani, akasikiliza, akaendelea. Wanawake waliotoka sokoni walimzunguka wakapita. Mteja mmoja alilalamika kwamba kwa kelele ile hawezi kuchagua rangi vizuri.

Émérence alisikia akiwa jikoni. Barnabé alikuwa kaka yake, baba mmoja, mama mmoja, na aliishi Kolwezi. Mara ya mwisho walionana Pasaka. Pale Likasi, Émérence alijulikana kuwa mke wa Hilaire, mtu wa hapahapa, anayefanya kazi kwenye mitambo ya umeme ya Koni. Kwamba baba yake alitoka Kasai, mtaani hakuna aliyejua isipokuwa Hilaire. Alisikiliza kutwa nzima, akagundua kwamba kaka yake, kwa muda wote aliokuwa nao wa kuita, hakulitamka jina la dada yake hata mara moja. Alikuwa amekufa, lakini bado alikuwa mwangalifu.

Jumatano Firmin alisema, "Leo sauti yake imekauka," akaomba sindano nyingine.

Musyu Nissim hakuvuka mlango wa mbele siku zile mbili. Alikuwa wa ukoo wa makuhani wa Wayahudi, na kuhani haruhusiwi kumgusa maiti wala kumkaribia, isipokuwa baba, mama, mke, mtoto au ndugu wa damu. Rafiki zake walipozikwa, alibaki nje ya ukuta wa makaburi, kofia mkononi. Alijaribu kumpigia simu rabi wa Elisabethville amuulize, lakini waya zilikuwa zimekatwa tangu wiki iliyopita. Basi akafungua vitabu mwenyewe mezani, akasoma mpaka chai ikapoa.

Alhamisi asubuhi aliingia jikoni, amekunja mikono ya shati.

"Mama Émérence, kuko sheria moja. Mufu mwenye hana muntu, ule mwenye kumuona njo atamuzika, hata kama ni kuhani. Hata kuhani mukubwa kuwapita bote. Ataacha kazi yake, atashika jembe."

"Na mufu mwenye hana muntu ni nani, Musyu?"

"Ni ule anaita, na hakuna mwenye anamuitika. Ni vile imeandikwa. Kama kuko ndugu moja tu anaitika, minye siko na ruhusa ya kumugusa. Ile ni kazi ya ndugu."

Nje, Barnabé aliita. Wale wawili waliinua vichwa, kama kila alipoita, wakaitazama milango ya mtaa mmoja baada ya mwingine.

"Ninakuuliza weye, juu weye unajua bantu ba hapa," Nissim alisema. "Kuko mwenye atamuitika?"

Émérence alikuwa ameshika sahani. Akisema yuko, maziko yatakuwa yake, na wale wawili watamfuata hadi Kikula kwa binti zake, Julie na Clémentine. Akisema hakuna, kaka yake atazikwa kabla ya adhuhuri. Alitafuta jibu la tatu, hakuliona.

"Hakuna," alisema.

Nissim aliichukua ile sahani mkononi mwake, akaiweka mezani.

"Bote banamusikia," alisema. "Sheria haiulize nani anasikia. Inauliza nani anaitika."

Akaenda kutafuta jembe.

Kwa sheria hiyo hiyo, maiti wa namna ile huwa amejipatia ardhi ya pale anapokutwa, kwa hiyo Nissim alichimba palepale, kulia kwa mlango wake. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na udongo wa kiangazi ulikuwa mgumu kama tofali. Firmin alishona sanda ya pamba nyeupe kutoka dukani, akaiweka kizingitini, akarudi kwenye kiti chake.

Wale wawili walivuka barabara. Mmoja alikuwa na daftari.

"Ndugu yake ni nani?"

"Hana," Nissim alisema.

"Na wa kumulilia?"

"Hakuna."

Yule akaandika. Kisha wakasimama kuchungulia nyuso za waliokuwa wakitazama. Émérence alikuwa kwenye dirisha la pembeni, akikanda unga. Aliukanda mpaka ikawa haina maana tena kuukanda. Barnabé aliita mara moja zaidi udongo ulipofika kifuani, halafu ukamfika mdomoni.

Kuhani hasogelei kaburi. Tangu siku hiyo Musyu Nissim aliingia dukani mwake kwa mlango wa jikoni, akiinama chini ya kamba za nguo, na wateja wakaendelea kupita mbele, kwa kuwa sheria ilimfunga yeye peke yake.

Adhuhuri ile alinawa, akavuta kigoda kifupi, akakiweka karibu na jiko.

"Leo weye hupike. Ikala."

Alichemsha mayai mawili mwenyewe. Hakujua kiasi cha maji.

"Kwetu, muntu akitoka kuzika, chakula cha kwanza hakule cha kwake. Jirani njo anamuletea."

"Minye sikuzika muntu, Musyu."

"Ninajua," Nissim alisema. "Kula."

Émérence alikaa kwenye kigoda siku saba, kama wafiwa wa Kiyahudi wakaavyo, na siku saba Nissim alipika vibaya. Émérence hakulia, kwa sababu makasha ya bia yalikuwa bado na watu. Mama yake huko Kasai hakupelekewa habari, maana daftari lilisema Barnabé hana ndugu.

Desemba ya mwaka uliofuata Musyu Nissim alipanda treni ya Rhodesia na masanduku mawili. Duka lilipata mwenyewe mwingine, asiyehitaji mpishi, na Émérence akaanza kuuza maandazi barazani, pembeni ya Firmin.

Jumatatu moja, saa mbili asubuhi, sauti ya maiti mwingine ilitoka upande wa daraja, mwisho wa barabara.

"Ni minye, Mélanie. Nani iko hapa wa kwangu?"

Firmin alisimamisha cherehani. Wanawake wawili waliokuwa wakinunua maandazi waligeuza shingo. Émérence hakumjua Mélanie wala watu wake, na aliyewahi kushika jembe alikuwa ameshaondoka. Mtaa mzima ulisubiri kusikia kama kuna atakayeitika. Kisha Firmin akakanyaga cherehani, na mmoja wa wale wanawake akaomba aongezewe andazi moja.