Mapigo Manne ya Kimya

Sauti ilipenya ukutani kabla ya mlango kufunguliwa. Besi zilitembea chini taratibu, kisha soprano zikapanda juu yake kama moshi wa asubuhi. Nje ya ukumbi wa tamasha mjini Embu, Mwalimu Njuki aliacha kuzinyoosha kola za wasichana wake arobaini kutoka Kanyakine. Wimbo ule ulikuwa wake.

"Mwalimu," akanong'ona Karimi, mwimbishaji wake. "Si huo ni wetu?"

"Nyamaza, sikiza."

Ubeti wa tatu. Akahesabu kwa kidole pajani. Mle ndani sauti sitini zikanyamaza kwa mapigo manne, zikaendelea. Njuki akatabasamu vibaya. Kimya kile hakikuwa cha wimbo. Kilikuwa cha kifua cha Karimi.

Marehemu mama yake Njuki, Gacheri, aliuimba wimbo huo akipalilia maharagwe. Waimbaji wa zamani walijitaja katikati ya wimbo, watu wajue nani anaimba, naye alijitaja katika ubeti wa tatu. Mwaka jana, 1994, Njuki alipouandika kwa nota za do-re-mi, pumu ilimsumbua Karimi; mstari ule ulimkata pumzi. Njuki akaufuta, akaacha mapigo manne mtoto avute hewa. Daftari la nota hizo ndilo aliloazima Kathuri, mwalimu wa muziki wa shule kubwa ya hapa Embu. "Nanakili sauti za chini tu, ndugu yangu," alisema, akinywa chai ya nyumbani kwa Njuki.

Leo ratiba ilisema: Mtunzi, P. Kathuri. Kwaya ya Njuki ilifuata, kwa wimbo uleule. Waamuzi wangemwona Njuki ndiye mwizi, na mwongoza kwaya haruhusiwi kusema neno nao.

Kathuri akatoka akijipangusa jasho kwa leso nyeupe. "Ah, Njuki. Mkiimba wimbo wangu, msiukimbize."

Njuki alikaza vidole kwenye uma wa chuma wa kutolea sauti ya kuanzia. Ungetosha kumdunga mtu shingoni. Akamgeukia Karimi.

"Pale pa kupumua, leo hupumui. Unamtaja mama."

"Mstari wote?"

"Wote. Dawa umetumia?"

"Asubuhi."

"Ukishindwa tumekwisha."

Karimi akakaza tai yake. "Nikishindwa, nitaenda nimkoholee yule mzee usoni."

Njuki alijua anachokiomba ni kifua cha mtoto wa mtu. Hakurudi nyuma.

Jukwaani, ubeti wa tatu ulipofika, alizima sauti thelathini na tisa kwa kiganja kimoja. Karimi akabaki peke yake.

"Ni mimi Gacheri wa Thuranira, mimi wa mteremko wa Kanyakine, ndimi ninayeimba..."

Mishipa ya shingo ikamsimama. Katika silabi ya mwisho hewa iliisha, mdomo ukabaki wazi, na wenzake wakaudaka wimbo.

Mwamuzi mkuu akaweka kalamu chini. Akaifunua karatasi ya nota aliyoileta Kathuri, akaweka kidole kwenye mapigo manne matupu. Wakati wa maoni ulipofika, aliuliza mbele ya ukumbi mzima, kwa upole: "Mwalimu Kathuri, katika wimbo wako, anayeimba ni nani?"

Kathuri akaitazama leso yake. Nyuma kabisa mtu mmoja akacheka, kisha safu nzima.

Baadaye Kathuri aliwakuta nje. Karimi alikuwa ameketi kwenye nyasi, mikono magotini, kifua kikipiga mluzi.

"Ndugu yangu," Kathuri akasema chini chini, "tuyamalize hapa. Mimi niko na familia."

"Nami nilikuwa na mama."

"Ni wimbo tu, Njuki."

Karimi akakohoa, mara mbili. Njuki akamwekea kiganja mgongoni bila kumtazama. Macho yake hayakumwachia Kathuri.

"Nitaufundisha kila shule, kutoka Nchiru kule kwetu mpaka hapo mtaa wa Majimbo unapolala," akasema. "Na kila mtoto atamtaja Gacheri pale ulipopumua. Nakuahidi, Kathuri. Utausikia dirishani kwako mpaka uzeeke."