Basi Lisilo na Mota Limepita Kontrol

Serikali ikisema inakuja kukagua magari, usijisumbue kutengeneza gari. Paka chokaa. Ndiyo kazi tuliyofanya wiki nzima kwenye garaji ya Patron Benny, hapa Mabanga, Goma. Chokaa ukutani, chokaa kwenye mawe ya volkano, na mchanga mweupe juu ya mafuta machafu ili viatu vya wakubwa visiharibike. Kizima-moto tulikuwa nacho kimoja, tena kitupu. Mulumeoderhwa, fundi wetu wa kuchomelea vyuma, akakipaka rangi nyekundu mpaka kikang'aa.

"Kiko tayari, Papa Wences," akaniambia. "Moto ikikuja, itaogopa rangi."

Mimi sikusoma sana. Lakini uchafu ninaujua hata ukipakwa chokaa.

Kontrol ni mara moja kwa mwaka. Gari likipita wanabandika vinyeti kwenye kioo cha mbele, kile kikaratasi chenye muhuri, na mwaka mzima dereva anatembea kifua mbele. Sisi, kwa minibus zote za patron, tuna seti moja tu ya matairi mazuri kwa ajili ya siku hiyo. Gari la kwanza linayavaa, likishaonekana linavuliwa, la pili linavaa. Kama koti la harusi linaloazimwa mtaa mzima.

Bibi yangu Wivine, mama wa watoto wangu, alikufa ndani ya minibus iliyopita kontrol. Ilikuwa inatoka Rutshuru na maharage, breki zikakataa kwenye mteremko. Kioo kilivunjika chote isipokuwa pembe moja, ile yenye vinyeti. Niliiona mwenyewe. Muhuri muzima, sahihi nzima, na Wivine chini, amefunikwa kitenge cha mutu mwingine. Nilipoenda kuuliza kwenye ofisi yao, waliniambia: "Muzee, gari ilikuwa katika sheria." Walisema hivyo bila kuinuka kwenye viti vyao.

Sasa, kwenye pembe ya garaji yetu kulikuwa na basi kuukuu, limekaa juu ya mawe, halina mota, halina magurudumu. Ndani yake alilala Mama Nyiransengimana na wajukuu wake. Vita viliwafukuza Rutshuru. Walianzia kambini, lakini ardhi ya Goma ni mawe matupu, kigingi hakiingii, na upepo ukija unabeba turubai na usingizi wako pamoja. Basi lilikuwa na paa na mlango unaofungika. Patron alimwacha akae, naye alimfagilia garaji kila asubuhi.

Siku moja kabla ya kontrol, patron akasimama mbele ya basi, mikono kiunoni.

"Papa Wences, hii kitu uifunike na turubai. Kesho chef wa kontrol akishaenda, watu wa vyuma vikuukuu wanakuja kuikata."

"Na mama?"

"Arudi kambini kama wenzake. Serikali iko."

"Serikali gani, patron? Ile inakuja kula mbuzi yako kesho?"

"Usinichokoze, muzee! Hapa kwangu, gari yenye kupita kontrol inabaki. Yenye haipite, inatoka. Njo vile."

Mama Nyiransengimana alikuwa mlangoni na ufagio wake, amesikia yote. Hakulia. Aliniuliza tu, polepole: "Papa, mvua ya usiku, nitaweka watoto wapi?"

Patron alipoondoka, maneno yake yalinibaki kama mufupa kooni. Nikamwita Mulumeoderhwa.

"Umesikia patron? Yenye kupita inabaki. Basi na hili lipite."

"Papa Wences, haina mota!"

"Nani alikudanganya kwamba wanaangalia mota?"

Akacheka mpaka akakaa chini. Tukatoa taa kwenye Land Cruiser iliyokufa, tukafunga magurudumu ya zamani yaliyokwisha kabisa, tukaosha vioo. Tukalisukuma, wajukuu wakisukuma nyuma, mpaka mwisho wa mstari wa magari. Mama akaficha masufuria chini ya viti.

"Na wakinishika?"

"Watakushika na mikono gani, mama? Itakuwa imejaa mafuta ya mbuzi."

Kesho yake patron alifika ndani ya gari la chef mwenyewe. Aliona basi, macho yakamtoka, lakini angesema nini mbele ya mukubwa? Akavuta kiti. Chef akakaa kivulini, sahani ikaja, chupa ikaja.

"Magari ni gani?"

"Ni zile za mstari, chef."

"Bandikeni," chef akasema, mfupa mdomoni.

Musaidizi wake akapita na vinyeti, analamba moja, anabandika, analamba nyingine, anabandika. Hakuna aliyekanyaga breki. Hakuna aliyeinama. Yale matairi yetu ya kuazima hayakutazamwa hata na mbwa. Hata uongo wetu hawakuuheshimu.

Akafika kwenye basi. Mujukuu mudogo alikuwa anachungulia dirishani.

"Ah, abiria wameshapanda?" akasema, akacheka peke yake. Akalamba, akabandika.

Mchana, chef akiwa ameshaenda, watu wa vyuma wakaja na misumeno yao. Patron akawaonyesha basi. Nikasimama mbele ya kioo.

"Patron, imepita."

"Imepita wapi? Haina mota, we mujinga!"

"Basi muite chef. Umuambie vinyeti yake ni ya uongo. Lakini ukimuambia juu ya hii, umuambie na juu ya zile zingine zote."

Akageuka, akatazama mstari. Minibus zake zilikuwa pale, kila moja na kikaratasi chake, zinangoja abiria.

"Kisheria, patron, ni gari nzima," Mulumeoderhwa akasema, uso mkavu kama wa padri.

Patron akawafukuza watu wa vyuma kwa mkono, kama mutu anayefukuza nzi. "Inabaki. Lakini asianike manguo mbele ya wateja wangu!"

Jioni Mama Nyiransengimana akarudisha masufuria yake mahali pake. Akaniita.

"Papa Wences, hii karatasi inasema nini?"

"Inasema gari ni nzima. Inaweza kufika Rutshuru."

Akacheka, mara ya kwanza tangu nimjue. "Basi siku moja itatufikisha."

Akaingia, akafunga mlango. Nikabaki mbele ya kile kioo. Muhuri ni uleule. Sahihi ni ileile niliyoiona kwenye pembe ya kioo siku ya Wivine. Kidole changu kilikuwa na mafuta meusi, nikakiinua niifunike ile sahihi. Ndani watoto walikuwa wanagombania mkeka.

Nikafuta kidole kwenye suruali. Nikatema mate juu ya mchanga mweupe wa wakubwa, nikaenda zangu.