Mshono wa Mama Pindo

Kwenye kikundi chetu cha simu mimi naitwa Jicho, na jina hilo sikujipa. Walinipa wenzangu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikizigundua picha za uongo. Mtu akileta picha anayodai imevuja kutoka kwa watengenezaji wa gemu letu, wote wananyamaza wakisubiri Jicho apite. Napita. Kivuli kimeangukia upande usio wake, herufi zimebanana, mkono una vidole sita. Naandika neno moja, "Feki," na watu thelathini na wanane wanarudi kwenye huzuni zao. Nilikuwa nikiipenda kazi hiyo kuliko ile inayonilisha. Nasema mapema ili ujue unamsikiliza mtu wa namna gani.

Gemu lenyewe ni Nchi ya Ukungu. Ilitoka sehemu ya kwanza, ikatoka ya pili, ikatoka ya tatu, kisha kimya cha miaka kumi na miwili. Mwishoni mwa sehemu ya tatu, msichana tunayemwita Dada, ambaye umemwongoza kwa mikono yako mwenyewe saa arobaini nzima akimtafuta mdogo wake, anatumbukia mtoni. Mkono wa kushoto wa koti lake unachanwa na mwamba. Anaibuka ng'ambo akitweta, anasikia mtu akimwita, anageuka, na hapo hapo majina ya watengenezaji yanaanza kupanda. Basi. Ukimwambia mtu mzima mwenzio kwamba jambo hilo linakuuma mpaka leo, atakutazama kama umetoka nyumbani na shati nyuma mbele. Ndiyo maana tulikuwa tukiambiana wenyewe kwa wenyewe.

Tulikuwa na vituko, sikatai. Mwaka mmoja mtu aligundua kwamba chini kabisa ya tovuti ya kampuni tarakimu za mwaka zimebadilishwa. Tulishinda siku mbili tukijadili: nani angejisumbua kubadilisha mwaka kwenye tovuti ya gemu lililokufa? Baadaye tukaelezwa kwamba zinajibadilisha zenyewe kila Januari. Januari iliyofuata tukajadili tena.

Aliyechoka na haya kabla yetu ni fundi lifti mmoja tuliyemwita Kaburi, kwa kuwa kila mazungumzo aliyafunga kwa kusema gemu limekufa, tulizike. Safari hii hakutania. "Jamani, tunadanganyana," aliandika. "Tupige kura Jumamosi. Tukifunga kikundi, tuagane kwa heshima, kila mtu ashike njia yake." Nilidhani watamzomea. Badala yake mmoja akasema ana hoja, wa pili akasema hata yeye amechoka, na kufikia jioni nilikuwa nimehesabu kumi na tisa.

Niliogopa. Naishi peke yangu; mke wangu wa zamani ana nyumba yake na mume wake, na ana haki. Asubuhi wanaoniuliza nimeamkaje ni watu wa kikundi kile, ambao wengi sijawahi kuwatia machoni. Nilijua kwamba gemu likizikwa hakuna atakayekumbuka kuniuliza tena. Hiyo ndiyo sababu, na sina nyingine nzuri zaidi ya kukupa.

Nafanya kazi kwenye duka la uchapishaji. Tunatoa kadi za mialiko, mabango, mihuri na vitambulisho vya wanafunzi. Siku ya Alhamisi bosi alipotoka kwenda kula, niliiweka pembeni kalenda ya duka la matairi na kuanza kutengeneza jalada la sehemu ya nne. Ukungu niliupata kwenye picha ya mto niliyopiga mwenyewe. Uso wa Dada niliutoa kwenye sehemu ya tatu, nikamwongezea miaka kidogo kwenye macho. Nilipofika kwenye koti nikakwama. Mimi si mchoraji, ninachojua ni kukata na kubandika. Nikakumbuka kwamba ninao mchoro nilioutunza miaka sita, ambao mwanachama wetu mmoja aliuleta na ukapata vidole gumba viwili tu, kimoja changu. Ulimwonyesha Dada ng'ambo ya mto, koti limeshonwa upya pale lilipochanika. Niliukata mkono ule wa koti nikaubandika. Ulikaa sawasawa, kama umepimwa. Aliyeuchora ni Mama Pindo, fundi cherehani, na nilijua ni yeye. Nilijiambia hakuna atakayekumbuka.

Sikuileta mwenyewe picha ile, maana mwizi ana akili zake. Niliiweka kwenye ukumbi mmoja wa mtandaoni kwa jina jipya, nikasubiri. Ijumaa adhuhuri ikaingia kikundini, na aliyeileta ni nani kama si Kaburi! "Jicho, ichinje hii upesi," aliandika, "kesho tuna kura."

Watu wakanyamaza. Nilikiacha kimya kile kwa dakika kumi, ionekane napima. Nikaandika, "Nimeitazama kila pembe. Sioni kasoro."

Kikundi kililipuka. Walimu, madereva, muuguzi mmoja aliyekuwa zamu, wote walikuwa wakituma sauti za kulia na kucheka. Mpango wangu ulikuwa kuwaacha wafurahi mpaka Jumatatu, kura ipite, kisha nigundue kasoro mwenyewe na kuomba radhi kwa kupitiwa. Ungekuwa uongo mdogo wa siku tatu, na ungekwisha bila kumdhuru mtu.

Saa kumi ikaja sauti ya Mama Pindo. Alikuwa mtu wa kuandika maneno mawili matatu, sauti hatukuwa tumezoea.

"Jamani. Huo mkono wa koti ni wangu. Tazameni mshono. Unakwenda mshazari, na mwisho una mafundo mawili kwa nje. Fundi mwingine huficha fundo ndani. Mimi nalitoa nje, ndivyo nilivyofundishwa na marehemu mama. Hawa watu wameuona mchoro wangu. Wameuona!"

Walioutafuta mchoro wa zamani waliupata. Wakaweka picha mbili ubavu kwa ubavu, uzi kwa uzi. Badala ya kuona kwamba mtu ameiba, wote waliona ushahidi, kwa sababu miaka kumi na miwili ilikuwa imetufundisha kuona hivyo. Hata Kaburi alituma sauti akiomba msamaha mbele ya watu wote, na alipofika kwa Mama Pindo akamwita fundi wetu. Kura haikupigwa. Jumatatu ilifika na mimi sikufungua mdomo.

Jumanne asubuhi aliingia dukani msichana wa miaka kama ishirini na mitano, ana picha kwenye simu.

"Shikamoo, kaka. Naomba mnitolee hii kubwa, upana wa mlango. Ni ya kutundika kwenye karakana ya mama."

Nikaijua kabla hajanyoosha simu vizuri. Sikuwa nimewahi kujua kwamba Mama Pindo anaishi mji huu huu wangu.

"Mama yako anafanya kazi gani?" niliuliza, kana kwamba sijui.

"Anashona sare za shule. Lakini koti hili unaloliona kalichora yeye!" Alicheka. "Nilipokuwa mdogo niliugua, nikakaa nyumbani mwaka mzima. Tukawa tunacheza gemu hili mimi na yeye. Mimi nikakua nikaacha, yeye hakuacha. Baba akawa anamtania mbele ya wageni kwamba mke wake anacheza na katuni. Sasa baba ndiye aliyenituma huku. Jumapili anawaita ndugu zake waje waone."

Hapo ndipo ningesema. Duka lilikuwa halina mtu, bosi alikuwa benki, na msichana alikuwa mpole. Nilichosema ni, "Unataka karatasi ya kung'aa au ya kawaida?" Alitaka ya kung'aa. Mashine ilitoa picha polepole, na nilipoiona kwa ukubwa ule, kasoro zilinitumbulia macho. Mwanga wa mto ulitoka kulia, wa koti ulitoka kushoto. Mtoto yeyote angeona. Niliikunja vizuri, nikaifunga kwa karatasi ya kaki, nikamkabidhi kwa mikono miwili.

Ijumaa nikapiga moyo konde, nikauliza njia mpaka nikaifikia karakana. Ilikuwa chumba kirefu chenye vyerehani vinne na marundo ya kaptula za buluu. Picha ilikuwa imeshatundikwa ukutani juu ya meza ya kukatia. Mama Pindo alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, utepe wa kupimia shingoni na pini nne kwenye ukosi wa gauni. Nilipomwambia mimi ndiye Jicho, alipiga vigelegele pale pale.

"Njooni mumwone!" aliwaita mafundi wake. "Huyu ndiye aliyesema haina kasoro! Huyu hakosei! Mletee kiti, shoga, huyu ni mgeni wangu."

Niliomba tuzungumze faragha. Tukaingia chumba cha nyuma kinachowekwa vitambaa. Nilimweleza nikiwa nimesimama, bila kupumzika, kura, hofu yangu, mto, mchoro wake. Sikutia chumvi na sikupunguza. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini ilikuwa sakafu ya saruji.

Hakupiga kelele. Alikaa juu ya gunia la vitambaa, akaanza kuchomoa zile pini kwenye ukosi wake, moja moja, na kuzichomeka tena.

"Kwa hiyo hawajauona," alisema mwishowe.

"Hawajauona, mama. Nisamehe."

"Mimi nimewaandikia barua kuwashukuru." Akatikisa kichwa. "Nimemwambia kila mteja. Mwalimu mkuu amekuja na kamera. Wewe ulikuwa kwenye kikundi unasoma yote hayo?"

"Nilikuwa nasoma."

"Na uliweka kopa."

Ni kweli, niliweka, alama ya moyo mwekundu chini ya sauti yake.

"Nitamwambia mzee wako mimi mwenyewe," nilisema. "Nitasubiri hapa mpaka arudi. Aibu ni yangu, si yako."

"Usithubutu!" Hapo ndipo sauti yake ilipanda. "Ukishamwambia wewe utaondoka. Mimi ndiye nitakayebaki naye ndani. Unajua ile misumari kaipigilia nani? Yeye mwenyewe, na mgongo wake ule mbovu. Jana kanikalia karibu, kaniomba nimfundishe kucheza. Miaka ishirini na nane ya ndoa, ndiyo mara ya kwanza kuniuliza kitu ninachokijua." Akafuta uso kwa kiganja. "Na kule kikundini usiseme. Likisemwa kule litamfikia binti yangu."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Shemeji yangu anakuja Jumapili," aliendelea, sasa kwa sauti kavu kabisa. "Ni mkorofi, na ana swali moja tu: hao watu wamekuandikia? Ataliuliza mbele ya wote ili mume wangu aone haya. Wewe hapo una kompyuta?"

"Ipo dukani."

Alichukua mkoba wake. "Twende ukamalize kazi uliyoianza."

Tulitembea bila kusemezana. Watu wawili walimsimamisha barabarani kumpongeza, naye akawashukuru wote wawili, na safari zote mbili nilisogea pembeni kama mtu anayesoma tangazo. Dukani bosi alidhani nimeleta mteja. Nilimvutia kiti, nikaipata nembo ya kampuni, nikaiweka juu ya ukurasa mweupe.

"Tunaandika kwa lugha yetu?" nilimwuliza polepole. "Wao wako mbali."

"Wameajiri mkalimani. Watu walioweza kutengeneza ukungu watashindwa kupata mkalimani?" Hakucheka. "Andika. 'Kwa fundi.'"

Nikaandika.

"'Tumeona mchoro wako. Sisi tulikuwa hatujui Dada angelishonaje koti lake akiwa peke yake ng'ambo. Wewe ulijua.'" Alitazama skrini, vidole vyake vikishika ncha ya utepe. "'Tumeutazama mshono wako kwa muda mrefu. Mafundo tumeyaacha nje, kama ulivyoyaweka.'"

Vidole vyangu vilikuwa vikifuata maneno yake. Niliona kwamba hayatungi pale. Maneno yale alikuwa nayo miaka sita, tangu siku alipouleta mchoro akapata vidole gumba viwili. Niliona haya kiasi cha kutamani anizabe kofi, tumalize. Kwa kutaka kumridhisha nikaongeza sentensi yangu: kwamba katika miaka yote ya kampuni, hii ndiyo kazi bora kuliko zote walizowahi kupokea.

Aliinama karibu na skrini, akasoma.

"Nani kakwambia uandike hivyo?"

"Nilifikiri utafurahi."

"Futa," alisema. "Weka 'kazi nzuri'. Hiyo hiyo nzuri inanitosha."

Nikafuta, nikaandika kazi nzuri. Akaisoma kwa sauti ya chini, kisha akairudia, akaniomba nimtolee kwenye karatasi nene.