Mshale Ulipogonga Mia

Siku ya kufungua msimu, wabebaji wa uwanja wa kununulia pamba pale Bariadi walimkalisha Machibya, mpimaji wao, ndani ya shuka la kubebea pamba, wakafunga ncha zake nne, wakamtundika kwenye mzani. Walikuwa wanatania tu. Mshale ukazunguka mbio, ukagonga mia, ukakwama hapo, maana namba zilikuwa zimekwisha.

"Mzee, wewe ni gredi ya kwanza!" mmoja akapiga kelele. "Kampuni zote zitakugombea!"

Mkewe, Mektilda, aliyekuwa amemletea chakula cha mchana, alicheka hadi akashika kiuno. Moyoni alimshukuru Mungu. Sasa watu wote wameona.

Miaka mitatu kabla, shemeji yake Thomasi, mdogo wake Machibya, alifia nyumbani kwao Ngulyati. Alikonda taratibu, na kila alipokonda alipasha msumari moto akatoboa tundu jipya kwenye mkanda wa suruali. Watu waliokuja kumjulia hali walitoka wakinong'onezana habari za ule ugonjwa. Hakuwahi kupimwa, na mpaka leo hakuna ajuaye kilichomuua, ila mnong'ono ulizikwa naye na bado ukabaki juu. Siku walipotoka makaburini, Mektilda alijiapia kwamba hakuna atakayeuona mfupa wa bega la mume wake.

Basi akapika. Nsansa, ile mboga ya kunde iliyokaushwa, aliiunga kwa karanga mpaka ikawa nzito kama uji. Wali wake uling'aa mafuta ya pamba. Machibya alipoweka kijiko chini, yeye aliongeza.

Wakati huohuo kazi nayo ilikuwa imebadilika. Zamani, ushirika uliponunua pamba peke yake, Machibya alikuwa mpimaji wake, akizunguka vijiji saba kwa baiskeli. Soko lilipofunguliwa, kampuni moja ikamchukua haraka, maana hakuna mkulima aliyewahi kuulalamikia mzani wake. Ikampa kiti chenye mto. Pamba ikawa inamfuata alipo, na soda vilevile. Baiskeli ikaning'inizwa ukutani, kuku wakataga kwenye kikapu chake.

Baada ya siku ile ya mzani, miguu ikaanza kuvimba. Akawa anasinzia kitini mchana, mshale ukisubiri kusomwa. Ndipo wakaenda zahanati.

Nesi Winnie, msichana wa Nassa mwenye sauti ya chini, alimpandisha kwenye mzani. Kilo mia na kumi na nane. Presha nayo ilikuwa juu.

"Mwadila, mayu," alimsalimu Mektilda kwa Kisukuma, kwa heshima ya mama. "Baba inabidi apungue."

"Kwa hiyo kosa ni chakula changu?"

"Sijasema hivyo. Baba, usingizi wako ukoje?"

"Anakoroma kama trekta," Mektilda akajibu kwa niaba yake. "Halafu pumzi inakatika, namsukuma."

"Soda ngapi kwa siku?"

Machibya alitazama dari. "Wakulima wananikarimu."

"Na dawa?"

Alitoa mfukoni karatasi yenye vidonge vidogo vyeupe. Vumbi la pamba lilikuwa linambana kifua, na siku hizi duka la dawa unaingia tu, unanunua. Alikuwa anavimeza mwaka wa pili. Winnie alivigeuza kiganjani.

"Hivi vinafungua kifua kweli, lakini vinaongeza njaa na kujaza uso. Usiviache ghafla, utaumia. Daktari atakupangia jinsi ya kuvipunguza."

"Baba yangu naye alikuwa na tumbo hilihili," Machibya akajitetea.

"Hilo nalo limo. Kila kitu kimeongeza chake, baba. Kiti, soda, usingizi, dawa, damu ya ukoo. Na sufuria, mayu, unisamehe."

Mektilda aliinama. "Mwanangu, akikonda watasema. Unajua watakavyosema."

"Najua," Winnie alisema. "Lakini akiendelea hivi, utamzika akiwa mnene."

Kesho yake Mektilda alikwenda ukutani, akawafukuza kuku, akaishusha baiskeli.

Mwaka ulikwenda. Vidonge vilipungua kimoja kimoja, karanga zikapunguzwa, soda ikawa maji. Machibya akaacha kukoroma. Suruali ikaanza kumteleza, na asubuhi moja akasema, "Mama Marcelo, nipe msumari, nitoboe mkanda."

"Funga kamba," Mektilda akajibu, akatoka nje. Machibya akafunga kamba miezi miwili bila kuuliza.

Msimu ulipofunguliwa tena, Nyanjige, jirani yao, alimsogelea Mektilda uwanjani mbele ya wanawake waliopanga foleni na mizigo yao.

"Shoga, pole. Mzee mbona anaisha? Kama marehemu mdogo wake vile."

Foleni nzima ikamgeukia. Mektilda alikuwa ameutayarisha uongo, kwamba ni malaria tu, atanenepa. Haukutoka. Badala yake alichukua shuka, akalitandika chini ya mzani.

"Baba Marcelo, kaa hapa."

"Wewe mwanamke, niko kazini!"

"Kaa."

Wabebaji wakamtundika huku wakicheka. Mshale ukazunguka, ukapunguza mwendo, ukasimama.

"Soma, Nyanjige," Mektilda alisema.

"Tisini… na sita."

"Mwaka jana alikuwa mia na kumi na nane. Kilo hizo hazikuliwa na ugonjwa. Tumezitoa wenyewe, kwenye sufuria yangu na kwenye baiskeli yake. Asiyeamini mzani wa Machibya abebe pamba yake arudi nayo nyumbani."

Hakuna aliyebeba. "Nishusheni basi!" Machibya akalalamika kutoka juu, na foleni nzima ikaangua kicheko, Nyanjige akiwa wa kwanza.

Jioni, nyumbani, Mektilda alitafuta msumari, akauweka kwenye makaa mpaka ukawa mwekundu. Alimkumbuka Thomasi, akamlilia kidogo, kwa machozi aliyoshindwa kuyatoa wakati ule kwa kuogopa watu. Kisha akaunyoosha mkanda wa mumewe juu ya gogo, akapima kwa kidole, akatoboa.